Eti nihame nyumba kwa sababu ya waifai!

Ripita hii, kidude cha kufikisha waifai ya ruta mbali zaidi, niliinunua kabla ya Maulidi, au baada yake kidogo, sikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni maneno niliyoambiwa. Mambo ya kasi na idadi ya antena yameandikwa kwenye boksi, kasome mwenyewe.

Nyumba yetu iko Mkomani, mji wa kale wa Lamu, nyumba ya kale ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wa dhiraa nzima. Ruta imekaa chumba cha mbele, chini. Ukivuka mlango kuingia ndani, waifai inabaki kijistari kimoja. Orofani haipo kabisa, na huko ndiko binti yangu anakosomea masomo yake ya chuo. Kila usiku namkuta kwenye ngazi, kompyuta magotini, mbu wanamla.

Basi nikaenda dukani nikaeleza yote: Mkomani, nyumba ya mawe, orofa. Kijana hata macho hakuyainua kwenye simu yake. "Chukua hii, bi mkubwa. Hii inapita popote." Elfu nne na mia tano. Nikalipa.

Imepita popote isipokuwa kwangu. Niliiweka orofani, kwenye kidaka cha ukutani, nikaondoa hata bakuli la nyanya yangu kuipisha. Taa kijani, simu imejaa mistari yote, ukifungua kitu kinazunguka tu mpaka usingizi ukuchukue. Siku tatu hivyo. Nikarudi nayo.

"Umezima ukawasha?"

"Mwanangu, nimezima nikawasha mpaka swichi imelegea."

"Basi tatizo si ripita, ni nyumba yenu. Hizi nyumba za kizamani, bi mkubwa... hamieni za bloku."

Waliokuwepo wakacheka. Akamalizia kwamba boksi limeshafunguliwa, hairudishwi. Sasa ningeijaribu vipi ikiwa ndani ya boksi?

Nyumba aliyozaliwa baba yangu! UNESCO waliutia mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na kuta hizo hizo ndizo watu wanazopandia ndege kuja kuzitazama. Leo mimi nizihame kwa ajili ya kidude cha plastiki. Nilivyorudi na Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, siku hiyo, nadhani hata punda waliobeba mchanga ndio walionipisha mimi.

Aliyeniokoa ni mtoto wa dada yangu. Na yeye alicheka, ila kwa adabu. Akaniambia, "Mama mdogo, ripita haizalishi mtandao, hurudia kile kinachoifikia. Umeiweka nyuma ya kuta mbili, inarudia makombo." Mistari niliyokuwa nikiiona ni kati ya simu na ripita, si ya ruta. Tena ilikuwa imeshika masafa ya gigahezi 5, ambayo ina mbio lakini ukuta mnene huimaliza. Akaihamishia 2.4, ikawa afadhali kidogo, bado si kitu. Ndipo akanionyesha tundu la waya chini yake, ambalo mimi sikuwa nimeliona. Akavuta waya kutoka kwenye ruta, akaupitisha kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, akapanda nao ngazi hadi chini ya boriti za orofani, bila kutoboa hata tundu moja. Akabadilisha mpangilio, ripita ikawa inapokea mtandao kwa waya, si kupitia ukutani. Basi. Binti sasa anasoma kitandani.

Kwa hiyo ripita ni nzuri. Nasema kwa shingo upande. Hata yule kijana, nikitulia, hakukosea kabisa: ukuta ndio uliozuia. Lakini ukuta nilimtajia kabla sijatoa pesa! Na waya wenyewe ulikuwa umening'inia nyuma ya kichwa chake, viringo kwa viringo, wala hakuutaja.

Nilikuwa nimeazimia kuipa nyota nne. Juzi nikapita mbele ya duka, akaniita kwa sauti, wateja wamejaa: "Bi mkubwa, vipi mtandao?" Nikajibu unafika. Akawageukia wateja wake: "Mnaona? Si niliwaambia hii inapita popote?"

Nyota mbili.