Likizo na watoto Tanzania: sehemu sita nilizozipanga kwa swali moja tu, mtoto anashuka lini kwenye gari?

Desemba iliyopita tulienda kaskazini, mimi, baba watoto, mama mkwe na watoto watatu, wa miaka 11, 7 na 3. Pakeji ya siku tatu, Ngorongoro na Serengeti, picha nzuri, maneno matamu, tukalipa. Siku ya pili, vumbi limejaa mpaka kwenye kope, dogo akasema mama mkojo. Dereva akasema avumilie kidogo, hapa haturuhusiwi kushuka. Kidogo chake kilikuwa dakika hamsini. Mwishowe dereva mwenyewe akatoa kisu akakata shingo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, gari linatembea kwenye barabara ya rafu, mimi nimeshika chupa, baba yake kamshika mtoto kiunoni, na najua nyie wenye akili mshajua nusu iliishia wapi. Nimeshuka Naabi, kwenye geti la Serengeti, na sketi imeloa nikaungana na foleni ya choo.

Na sio dogo tu. Mama mkwe tangu asubuhi alikuwa kagoma kunywa maji, nikadhani anaumwa, kumbe mama wa watu alikuwa anahesabu vyoo kimya kimya.

Kwahiyo mwongozo huu sitaongelea wanyama wangapi, hoteli ina bwawa, wala intaneti inashika vipi, hayo mtayakuta kwa kila anayeuza safari. Mie naangalia kitu kimoja ambacho hakuna muuzaji anakwambia, mtoto anakaa ndani ya gari masaa mangapi bila kukanyaga chini. Hifadhi nyingi huruhusiwi kushuka mpaka sehemu maalumu, na ni sawa kabisa, simba sio paka. Lakini yale magari ya kufungua paa yametengenezwa kwa urefu wa mtu mzima. Mtoto wa miaka saba akisimama sakafuni anaona mapaja ya baba yake, akikaa anaona dirisha lenye vumbi, inabidi avue viatu asimame juu ya siti, na gari likiruka kwenye shimo kidevu kinapiga chuma. Wangu kashuka na alama ya chuma kidevuni, twiga kaona mmoja, na huyo twiga alikuwa karibu na barabara ya lami tukiwa njiani kurudi.

Haya. Namba moja, bila ubishi na bila aibu, ni Hifadhi ya Taifa Arusha. Naipendelea na naitangaza, sina undugu na askari wa getini. Watu wa Dar tunaipita kama kituo cha daladala, tunakimbilia majina makubwa, wakati hii kutoka Arusha mjini ni mwendo wa kama saa moja. Ukishaingia tu kuna uwanda wanauita Serengeti Ndogo, twiga, pundamilia, nyati, ngiri, wote wapo hapo hapo hata hujamaliza kufungua biskuti. Juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngurdoto unashuka, unanyoosha miguu, unachungulia chini (kushuka kwenye kreta yenyewe hairuhusiwi). Msituni kuna mbega, wale weusi wenye mikia mirefu myeupe, wakiruka mti kwa mti utadhani mtu karusha shuka. Alafu maziwa ya Momella, heroe wakiwepo maji yanakuwa ya waridi kwa pembeni, na kuna sehemu za kukaa mkala chakula chenu kama binadamu.

Na simba hawapo. Watu wanaona hiyo ni kasoro, mie naona ndio sababu ya kwenda. Kwasababu ya hilo kuna matembezi ya miguu na askari mwenye bunduki, na kuna mitumbwi ya kupiga kasia ziwani Momella, na mlima Meru mita 4,566 umekaa nyuma yako muda wote ikiwa mawingu yametulia. Kwa matembezi ulizeni getini kuhusu umri wa watoto, wao ndio wenye uamuzi, msitegemee neno la muuzaji. Tulienda Aprili hii, siku moja tu, na dogo kashuka kwenye gari mara tano. Nimehesabu. Choo mara mbili, vyote choo cha kweli.

Namba mbili Bagamoyo, kama kilomita 70 kutoka Dar, na hapa gari linapaki alafu mnalisahau. Kaole kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara, watoto wanakimbia kwenye kivuli cha mibuyu, hakuna wa kuwaambia rudi ndani. Lakini kilichowashika wangu sio Kaole, ni mbuyu wa pale misheni ya Wakatoliki, ulipandwa 1868 misheni ilipoanza. Kuna mama mmoja wa Kizungu alifunga mnyororo kwenye ule mti wa kumfungia punda wake, akausahau, mti ukaendelea kunenepa mpaka ukaumeza mnyororo, sasa hivi imebaki kipande kidogo kinachungulia kwenye gome. Wa miaka saba alikaa pale robo saa nzima anaugusa na kuuliza na punda naye kamezwa?

Tahadhari moja ya Bagamoyo. Historia yake ni ya watumwa na misafara ya pembe, na baadhi ya waongoza watalii wakianza kuhadithia hawaangalii nani amesimama mbele yao. Wangu wa miaka 11 alihitaji kuyasikia na aliuliza maswali mazuri kuliko mimi, ila mdogo wake alikuja kulala kitandani kwetu siku mbili. Mwambie muongozaji mapema.

Namba tatu Zanzibar, na ningeipa namba mbili isingekuwa papasi. Wanaojua Unguja wanajua papasi ni nini, sio wale wadudu, ni wale vijana wanakuganda kuanzia bandarini, dada Prison, dada spaisi, dada pomboo, unamwambia una mwenyeji wako anakwambia mie ndio mwenyeji wako. Lakini kwenye kigezo changu Unguja ina maksi nyingi. Boti kutoka Dar ni kama masaa mawili na choo kimo humo humo. Mji Mkongwe, ambao UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, magari hayapiti kwenye vichochoro vyake, tatizo ni pikipiki tu, shika mkono wa mtoto kwenye kona. Kisiwa cha Changuu, ndio hiyo Prison, kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, wengine wana zaidi ya miaka mia na umri wao umeandikwa kwa rangi kwenye gamba, mtoto anamlisha majani mkononi. Hiyo peke yake inashinda masaa sita ya kutafuta kifaru kwa darubini. Na Jozani kuna kima punju, hawapatikani porini popote duniani zaidi ya Unguja na wale wachache waliopelekwa Pemba, unatembea kwa miguu mpaka kwenye njia ya mbao ndani ya mikoko.

Mkunazini, pale lilipokuwa soko la watumwa, vyumba vya chini ni vidogo na vya kutisha na inatakiwa viwe vya kutisha. Mdogo alibaki nje na bibi yake.

Mikumi ni namba nne, na imepanda cheo juzi juzi tu kwasababu ya treni ya SGR. Tangu 2024 kutoka Dar unafika Morogoro chini ya masaa mawili, watoto wanatembea ndani ya behewa, wanaenda chooni, wanarudi, wanaenda tena bila hata mkojo. Kuanzia Morogoro ndio gari. Barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya hifadhi, kwahiyo hata abiria wa basi la Mbeya anaona tembo bure, wewe unalipa kuingia ndani. Ndani ni uwanda wa Mkata, wazi, mtoto anaona hata kwa dirishani, na kwenye bwawa la viboko mnaruhusiwa kushuka. Ila ni hapo tu na sehemu chache nyingine, ndio maana namba nne.

Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, namba tano, kwa watoto wakubwa tu. Mimi binafsi ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote nchi hii. Yule msafiri wa zamani Ibn Battuta alifika 1331 akausifia mji, na ukisimama ndani ya Msikiti Mkuu chini ya yale makuba unaelewa. Lakini ni safari ndefu ya barabara kuelekea kusini, alafu kibali pale Kilwa Masoko, alafu boti, alafu unatembea kwa miguu kutoka msikitini mpaka magofu ya kasri la Husuni Kubwa jua likiwa utosini. Kushuka unashuka, tena unashuka sana, mpaka mtoto anaomba kupanda. Mwenye mtoto wa miaka mitatu jiandae kumbeba.

Na namba sita, ya mwisho, nimeziweka kwenye kapu moja, Ngorongoro na Serengeti. Najua nitatukanwa. Sijasema sio nzuri, jamani, ukifika ukingoni asubuhi ukungu ukafunguka ukaona ile kreta yote chini yako, mita 600 hivi kwenda chini, hata mama mkwe aliyekuwa kanuna alisema subhanallah. Lakini huu ni mwongozo wa familia. Kule juu ni zaidi ya mita 2,200, baridi inauma, muuzaji wetu hakusema neno kuhusu sweta. Ukishateremka kreta unakaa kwenye gari mpaka sehemu ya kula, na pale Ngoitokitok mwewe wamesoma ratiba ya chakula kuliko nyie. Wa miaka saba alifungua lanchiboksi, paja la kuku likaondoka mkononi kabla hajang'ata, kikabaki kilio na ukucha umekwaruza kidole. Kula ndani ya gari.

Kitu kilichoiokoa Ngorongoro kidogo ni Oldupai (ndio jina lenyewe, la mkonge pori kwa Kimasai, Olduvai ni kusikia vibaya). Mnashuka, kuna makumbusho, mnasimama juu ya korongo ambalo mtafiti Mary Leakey aliokota fuvu la kale la Zinjanthropus mwaka 1959. Dereva wetu alitaka kuipita. Kwenye pakeji haikuwemo, tukaongeza hela.

Sasa Serengeti ni kilomita za mraba 14,763, zaidi ya nusu ya Rwanda, na muuzaji anakupa siku moja na nusu humo ndani. Na hapa ndio panaponiuma. Picha alizonitumia zilikuwa za nyumbu wanavuka mto Mara mamba wakiwasubiri, watoto wakazibandika ukutani wakahesabu siku. Nyumbu wanavuka Mara kuanzia kama Julai mpaka Oktoba, huko juu Kogatende, kaskazini mwa Serengeti. Desemba wanakuwa washarudi kusini. Mtu anayeuza safari hajui hilo? Anajua vizuri sana.

Alafu bei. Hifadhi za taifa mtoto chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu, getini anaingia bure, na wenye miaka 5 mpaka 15 kiingilio chao ni kidogo. Raia tunalipa kwa shilingi na ni bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kujipinda akalipa, na keshi getini hawapokei, ni kadi au kontroo namba. Lakini kwenye pakeji yetu dogo wa miaka mitatu alihesabiwa siti nzima, kiingilio kamili, na lanchiboksi yake yenye yai bovu, na hesabu yote ililetwa kwa dola. Dola! Mie nalipwa kwa shilingi, dereva analipwa kwa shilingi, na kanuni za Benki Kuu za 2025 zinakataza kumtajia mtu bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Nikamwambia hivyo, akabadilisha kuwa shilingi kwa kiwango alichokijua yeye na Mungu wake, ikawa kubwa kuliko mwanzo. Kwahiyo dai mchanganuo, kiingilio kando, gari kando, malazi kando, kila mtoto na umri wake. Akikwambia bei ni ya jumla mama usijali, wewe jali.

Za bei nafuu, haraka haraka maana sina la kusema sana. Kijiji cha Makumbusho pale Dar, nyumba za makabila mbalimbali, nusu siku inatosha. Mapango ya Amboni Tanga, popo na giza, beba tochi yako. Chemchemi ya Chemka karibu na Moshi, maji ya uvuguvugu na masafi, lakini siku za sikukuu pamejaa, mtoto asiyejua kuogelea muangalie.

Wiki iliyopita yule muuzaji kanitumia ujumbe tena. Ofa ya familia, Serengeti, picha zile zile za nyumbu, bei kwa dola. Nikamjibu, asante kaka, kutoka getini mpaka choo cha kwanza ni kilomita ngapi? Tiki mbili za bluu, ameona, mpaka leo hajajibu.