Desert Island Discs kwa podikasti: mazungumzo unayapata, muziki unaonjeshwa tu

Ukiifungua podikasti ya Desert Island Discs ukitegemea kusikia nyimbo nane, utaudhika kabla mgeni hajamaliza kusimulia utoto wake. Wimbo unaingia, unasikika kidogo, sauti inafifia, mazungumzo yanaendelea. Simu yako haina hitilafu na bando halijakata. Ndivyo toleo hili lilivyotengenezwa, na mimi naliona bado ni miongoni mwa mahojiano bora ya redio, ila lina namna yake ya kusikilizwa.

Kipindi ni cha BBC, na kilisikika hewani mara ya kwanza 29 Januari 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Aliyekibuni ni Roy Plomley, na mgeni wa kwanza alikuwa mchekeshaji Vic Oliver. Mgeni huchukuliwa kuwa ametupwa peke yake kisiwani. Anachagua santuri nane za kwenda nazo, kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa. Biblia na kazi zote za Shakespeare anazikuta huko huko, na mwenye imani nyingine anaweza kubadilishiwa Biblia. Kitu cha anasa kisiwe na uhai wala kisimsaidie kutoroka. Mwishoni anaulizwa: mawimbi yakizizoa santuri zote, utakimbilia kuokoa ipi?

Unaweza kudhani ni mchezo wa sebuleni, lakini siri yote imo humo. Mtu maarufu huja studio na majibu aliyokwisha kuyatoa mara mia kuhusu filamu au kitabu anachokiuza. Akiulizwa kwa nini amechagua wimbo ambao mama yake alikuwa akiuimba jikoni, jibu la kukariri hana. Ndiyo maana mimi sichagui kipindi kwa ukubwa wa jina la mgeni. Wanasayansi, wauguzi na majaji mara nyingi huwashinda waigizaji, kwa kuwa hawajazoea kujinadi.

Sasa muziki. Idhini ya kupiga wimbo hewani si idhini ya kuugawa. Kipindi kikirushwa redioni, wimbo unapita na kwisha. Kikipakuliwa, nakala inabaki kwenye simu ya msikilizaji, na hapo inatakiwa ruhusa nyingine, ya wenye utunzi na ya wenye rekodi. Zidisha santuri nane kwa maelfu ya vipindi uone kazi iliyopo. Kwa hiyo podikasti inabeba vionjo. Toleo la hewani lina muziki mrefu zaidi, ingawa nalo halipigi kila wimbo hadi mwisho.

Dawa yake ni rahisi. Kila mgeni ana ukurasa wake kwenye tovuti ya kipindi, wenye orodha ya santuri nane, kitabu na kitu cha anasa. Usiusome kabla, utaharibu utamu. Sikiliza mazungumzo kwanza bila kusimama, kwa sababu ukisitisha kila wimbo unapoanza, uzi wa simulizi unakatika mara nane. Kisha fungua orodha na utafute nyimbo zenyewe. Kwa muziki wa okestra angalia pia waliopiga na kondakta: mgeni huwa amechagua rekodi fulani, tena pengine sehemu moja tu ya simfonia, na rekodi nyingine ya kazi hiyo hiyo inaweza kukuacha ukijiuliza alichokipenda ni nini. Tenga kama nusu saa kwa nyimbo za kawaida. Mwisho rudi kwenye dakika chache za kipindi anapoueleza ule wimbo wa kuokoa. Maneno yale yale, lakini sasa unayaelewa.

Mipangilio ya programu ya podikasti nayo inaweza kukuharibia. La kwanza ni ile sehemu ya kuondoa ukimya. Izime kabisa kwa kipindi hiki. Katika mahojiano ya mwigizaji Tom Hanks ya 2016, Kirsty Young, mtangazaji wa kipindi wakati huo, anamuuliza kuhusu upweke wa ujana wake, naye anashindwa kuendelea kwa hisia. Ukimya ule ndio jibu, na programu inayokata sehemu zisizo na sauti inakufutia jibu. Kasi ya mara moja na nusu inafaa taarifa ya habari. Hapa inafanya hata shakwe wa mwanzoni mwa kipindi walie kama vifaranga. Kiongeza sauti ya mazungumzo hunyanyua minong'ono lakini hubana muziki, basi kitumie ukiwa barabarani tu.

Kuhusu bando: sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo kipindi cha dakika 40 ni kama MB 38. Ikiwa 64, ni nusu yake, na kwa mazungumzo inatosha. Usiwashe upakuaji wa moja kwa moja bila kuweka kikomo. Weka vipindi vitatu vya mwisho, la sivyo simu itajaa.

Hazina kubwa iko kwenye kumbukumbu. Mwaka 2011 BBC ilifungua vipindi 500 vya zamani kwa mpigo, na vingine vikafuata. Vya miongo ya mwanzo vingi havina sauti kwa sababu kanda hazikutunzwa. Unakuta orodha ya santuri tu. Mwaka 2022 zilipatikana rekodi zaidi ya 90 zilizodhaniwa zimepotea, basi usikate tamaa mapema. Kutafuta ndani ya programu ya simu kunasumbua, maana nyingine hukuonyesha vipindi vya karibuni pekee. Tafuta jina la mgeni kwenye tovuti ya kipindi, halafu bonyeza kutoka huko.

Watangazaji wanatofautiana sana, na njia nzuri ya kuwapima ni kumfuata mgeni mmoja, David Attenborough wa vipindi vya wanyamapori, aliyealikwa mara nne. Sikiliza cha 1979 na Plomley, cha 1998 na Sue Lawley, cha 2012 na Young. Plomley ni mwenyeji mwungwana: anauliza kazi ilianzaje, kisha anageuza santuri. Lawley hakubali jibu la mkato, anarudi tena na tena kwa upole wenye makali. Kwangu mimi ndiye bora wao. Young anaacha nafasi mtu ajaze mwenyewe. Michael Parkinson alikaa muda mfupi, 1986 hadi 1988. Lauren Laverne, aliyeshika usukani tangu 2018, anatoka kwenye redio za muziki, na ndiye anayeijadili santuri yenyewe kwa undani. Na hapo ndipo vionjo vya podikasti vinapouma zaidi: anamuuliza mgeni kuhusu gitaa la katikati ya wimbo, na wewe hilo gitaa hujalisikia.