Kozi ya siku moja ya majeraha ya shingo na uti wa mgongo: asubuhi nzuri, mchana mwepesi

Daktari, tabibu au muuguzi wa dharura ataondoka na mikono iliyofunzwa kweli. Kola ya shingo, kifaa cha kuizuia shingo isisogee, imepewa muda wa kutosha. Kila mshiriki anapima kwa vidole kutoka begani hadi usawa wa kidevu, anairekebisha kola kabla ya kuivisha, kisha anakagua kama kidevu kimekaa mahali pake. Ikiwa ndefu mno, inanyanyua kidevu na kuikunja shingo kwa nyuma. Ikiwa fupi, kichwa kinainama. Ikibana sana, damu haishuki vizuri kutoka kichwani, na hilo ni baya mno kwa aliyeumia ubongo.

Kumgeuza majeruhi kama gogo kunafanywa na watu wanne, na amri inatoka kwa aliyeshika kichwa tu. Wakufunzi ni wakali hapa, na wana haki: mwingine akihesabu, zoezi linaanza upya. Kosa kubwa ni nyonga kutangulia mabega, mgongo ukajisokota katikati. Ubao nao unaondolewa mapema. Ni wa kumhamishia mtu. Asiyehisi akilazwa juu yake kwa saa nyingi, ngozi ya kwenye kifandugu inaanza kufa.

Kanuni ya shingo ya Kanada, ya mwaka 2001, inayoamua nani apigwe picha ya shingo, inafundishwa kwa mpangilio wake. Miaka 65 au zaidi, ajali ya hatari, au ganzi mikononi au miguuni: apigwe picha. Asiye na hayo, akiwa na dalili ya usalama kama kuweza kuketi, anaambiwa ageuze shingo digrii 45 kila upande. Anaigeuza mwenyewe. Daktari hamgusi.

Mchana ndipo kozi inapolegea. Mshtuko wa neva, yaani presha kuporomoka kwa sababu ya jeraha la uti, una slaidi moja tu: presha chini, mapigo polepole, ngozi ya joto, jeraha likiwa juu ya pingili ya sita ya kifua. Hakuna zoezi la majeruhi ambaye pia anavuja damu tumboni, ilhali damu ndiyo ya kutafutwa kwanza.

Tena, midoli yote ina shingo zilizonyooka. Mzee ambaye uti wake umekakamaa na kupinda kwa maradhi hanyooshwi ili kola imtoshe. Akilazimishwa, pingili iliyovunjika inaweza kuhama na kuubana ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo. Anategemezwa katika mkao wake wa siku zote. Blanketi mbili zilizokunjwa chini ya kichwa cha mdoli zingetosha kulifundisha hilo.