Fundi wa umeme wa Majengo, Malindi: taa za breki za pikapu yangu ya 1994

Kama una gari la zamani hapa Malindi na taa za nyuma zinakusumbua, mpelekee fundi huyu kabla hujanunua balbu nyingine hata moja. Gereji yake haina kibao. Ukifika Majengo ulizia fundi wa umeme wa magari anayefanyia kazi chini ya mwarobaini, watu watakuonyesha.

Gari langu ni Toyota Hilux ya 1994. Nachukulia samaki kutoka Ngomeni na Mambrui, nao hukaa kwenye makasha ya barafu huko nyuma. Barafu ikiyeyuka, maji yenye chumvi huchuruzika pembeni mwa bodi na kuingia kila penye upenyo. Dereva ni mpwa wangu, na yeye ndiye aliyeona dalili mwanzo. Mchana akikanyaga breki, taa ya kulia inawaka barabara, ya kushoto inawaka kama kaa linalokufa, na indiketa ya upande huohuo inaingia mwanga hafifu ambao hakuna aliyeuwasha. Usiku ndiyo balaa zaidi. Taa za gari zikiwa zimewashwa, akikanyaga breki upande wa kushoto unafifia badala ya kung'aa. Sisi tunarudi mjini alfajiri, giza bado limetanda, na nyuma yetu huwa kuna malori ya chumvi ya Gongoni. Lori lililosheheni halisimami upesi. Nilikuwa nikikaa nyumbani roho juu mpaka nisikie gari limefika.

Gereji tuliyoanzia, ambayo siitaji, ilibadilisha balbu. Hali ikabaki vilevile. Wakabadilisha swichi ya breki pale kwenye pedeli, nikalipa tena, hali vilevile. "Shangazi, hawa wanabahatisha," mpwa wangu akaniambia, na nilikubaliana naye.

Huyu wa Majengo hakugusa spana kwanza. Alimwambia kijana akanyage breki, akazunguka nyuma akatazama, akamwambia awashe taa, akakanyaga tena. Kisha akanigeukia: "Mama, fyuzi ya breki ni moja na swichi ni moja kwa pande zote mbili. Kulia kunawaka vizuri, kwa hiyo umeme unafika. Hapa umekosa njia ya kurudi." Mafundi wetu wanaiita athi, ule waya unaotoka kwenye taa na kufungwa kwenye chuma cha gari ili umeme urudi kwenye betri. Ikiliwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine: unapita ndani ya balbu jirani, unaingia kwenye indiketa, unazunguka mpaka taa za upande wa pili. Ndiyo maana indiketa ilikuwa inajiwakia.

Kilichonivutia ni kwamba alinithibitishia. Alichukua mita ya kupimia umeme, ncha moja akaiweka kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, ya pili kwenye chuma cha holda, yaani kishikio cha balbu, ya taa ya kushoto, breki ikiwa imekanyagwa. Mita ikasoma volti 6 na ushee. Akaniambia hapo panatakiwa pakaribie sifuri, isizidi hata 0.2. Yaani balbu ya volti 12 ilikuwa inabaki na nusu tu ya umeme wake, nusu nyingine ikipotelea kwenye kutu.

Alitoa taa nzima, akafuata waya mweusi mpaka kwenye boliti nyuma ya bodi. Tamino, kile kichwa cha chuma cha kufungia waya, ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na boliti yenyewe ilizunguka kwa vidole. Alikata waya, akaona shaba ya ndani imekuwa nyeusi, akakata tena nyuma zaidi mpaka akapata shaba inayong'aa. Akafunga tamino mpya, akapiga msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akakaza kwa wosha yenye meno, akapaka grisi juu. Halafu akavuta waya mwingine moja kwa moja hadi kwenye chesisi, fremu ya chini ya gari, kwa sababu bodi ya nyuma ya pikapu imefungwa tu kwa boliti juu ya chesisi, na hapo katikati napo kutu hujificha. Mita ikasoma chini ya 0.1.

Kwenye holda akakuta jingine. Balbu hii ina waya mbili ndani, wa wati 5 kwa taa ya nyuma na wa wati 21 kwa breki, na vile vipini viwili vya kitako havikai kimo kimoja ili iingie kwa upande mmoja tu. Gereji ya kwanza walikuwa wameichomeka kinyume kwa nguvu mpaka holda ikapinda. Aliinyoosha kwa koleo na kuweka balbu mpya.

Niliuliza kuhusu taa za LED, maana muuza vipuri alinisisitizia. Hakuzikataa, lakini akasema hazitibu athi mbovu, na zikiwekwa kwenye indiketa za gari kama hili zitapepesa mbiombio. Sikununua.

Alinitoza shilingi 1,500 za kazi, balbu nilileta mwenyewe. Lete zako, zake ni za bei rahisi na sizipendi. Uwanja una kivuli kimoja tu, kwa hiyo nenda asubuhi, na Ijumaa mchana hayupo. Risiti haandiki mpaka umdai. Jambo ambalo sikuridhika nalo ni kioo chekundu cha taa ya kushoto: kina ufa, naye amekiziba kwa silikoni tu. Kwa gari la samaki hilo halitoshi, maji yatarudi kwenye holda ileile. Nimeshaagiza kioo kingine Mombasa, na kikifika nitampelekea yeye akifunge.