TAHADHARI: Wanaojiita mafundi wa picha zinazogandisha programu

Ndugu wapiga picha, wahariri na yeyote mwenye folda nzito ya picha za familia: kuna kundi la watu wanaowavizia wenye tatizo moja tu. Umetoa picha (export) kutoka kwenye programu ya uhariri, ukizifungua kwingine programu inaganda. Unauliza hadharani nini kimetokea. Hujakaa sawa, ujumbe wa faragha umeshaingia: "Bosi, hilo nalijua, dawa ninayo."

Dawa yenyewe huja kwa sura tatu.

Ya kwanza ni programu ndogo ya "kukagua". Ukiiendesha inatoa orodha ndefu nyekundu: mamia ya hitilafu, picha zote hatarini, lipia ndipo zitengenezwe. Mwenzangu mmoja wa kazi aliielekeza kwenye folda tupu. Ikaleta mamia ya hitilafu vilevile! Nyingine huja na jina kama picha.jpg.exe, na kwa kuwa Windows kwa kawaida huficha kiendelezi cha mwisho, yaani hiyo .exe inayoonyesha kwamba ni programu, wewe unaona picha tu. Usiibofye.

Ya pili ina ujanja zaidi. Anaomba umtumie picha zenyewe, anakurudishia "zilizopona", na kweli zinafunguka upesi. Zikuze uone: ukungu mtupu. Picha nyingi za JPEG kutoka kwenye kamera hubeba kijipicha ndani ya data za Exif, yaani taarifa ambazo kamera huandika ndani ya faili, mara nyingi cha pikseli 160 kwa 120. Tapeli anakichomoa hicho, anakitanua, anakuuzia. Picha yako ya pikseli 6000 kwa 4000 imerudi kama stempu iliyovutwa hadi ikawa bango. Wengine huzishikilia picha asili na kudai nyongeza kabla ya kuzirudisha, kwa hiyo hata kama unamwamini mtu, mpe nakala, kamwe usimpe faili pekee uliyonayo.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: anataka umruhusu aingie kwenye kompyuta yako kwa mbali. Hapo picha si hoja tena. Anatafuta barua pepe, manenosiri yaliyohifadhiwa na akaunti ya benki.

Kinachoniudhi ni kwamba mara nyingi picha hiyo haina ugonjwa wowote. Chukua picha hiyohiyo ya megapikseli 24. Ikiwa JPEG inaweza kuwa na megabaiti 10 kwenye diski, lakini programu ikiifungua lazima iikunjue yote: takriban megabaiti 72 kwenye kumbukumbu ya kompyuta (RAM). Ukiitoa kama TIFF, aina ya faili kubwa ya picha, ya biti 16 kwa kila rangi badala ya 8, zinakuwa 144, kabla hujaongeza tabaka hata moja. Panorama ya megapikseli 500 kwa biti 16 inafika gigabaiti 3. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itaganda tu, na hakuna fundi atakayeiponya kwa kuigusa faili. Ipunguze vipimo unapoitoa, basi.

Sababu nyingine watu wengi hawaijui. Photoshop huandika ndani ya metadata, yaani maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, orodha iitwayo DocumentAncestors: rekodi ya faili ambazo vipande vyake vilibandikwa kwenye kazi hiyo. Ukiwa na mazoea ya kutumia faili moja kama kiolezo na kubandika humo kila siku, orodha inavimba bila wewe kuona, na kapicha kadogo kanaishia kuwa na uzito wa ajabu. Ukiona picha ndogo kwa vipimo lakini kubwa mno kwa megabaiti, shuku hapo kwanza. ExifTool, programu ya bure ya kuhariri metadata, huiondoa kwa amri moja:

exiftool -XMP-photoshop:DocumentAncestors= picha.jpg

Inakuachia na nakala ya zamani yenye _original mwishoni mwa jina. Hiyo ndiyo kazi nzima ambayo watu wanatozwa pesa.

Profaili ya rangi, yaani maelezo ndani ya faili yanayoeleza rangi zisomwe vipi, nayo husumbua. Mwaka 2020 picha moja ya ziwa na milima ilizima simu nyingi za Android 10. Mtu akiiweka kuwa mandhari ya skrini, simu inajiwasha na kujizima bila kukoma. Haikuwa na kirusi. Ilitolewa kwenye programu ya uhariri ya Lightroom ikiwa na ProPhoto RGB, profaili yenye wigo mpana sana wa rangi, na sehemu ya mfumo iliyokokotoa mwangaza wa rangi ilivuka kikomo chake cha 255. Ndiyo maana ninapotoa picha za kutazamwa kwenye simu na mtandaoni natumia sRGB, profaili ya kawaida ya skrini.

Kabla hujamjibu yeyote, nakili folda kutoka kwenye flashi au kadi iende kwenye diski ya ndani, kisha igawe nusu kwa nusu. Nusu inayogandisha igawe tena, hadi umpate mkorofi mmoja. Ifungue picha hiyo kwa programu nyingine. Ikifunguka, shida iko kwenye programu ya kwanza. Ikikataa kote, rudi kwenye faili asili uitoe upya: JPEG, biti 8, sRGB, folda mpya. Kama kinachoganda ni folda yenyewe hata kabla hujabofya kitu, badili mwonekano uwe wa orodha, maana kompyuta inahangaika kutengeneza vijipicha.

Ziko picha zilizokatika kweli, kwa mfano kadi ilichomolewa katikati ya kunakili. JPEG nzima huanza na baiti FF D8 na kumalizia na FF D9. Iliyokatika haifiki mwisho, na mara nyingi sehemu ya chini inabaki kijivu. Data isiyokuwepo haitengenezwi na mtu yeyote. Kama kadi bado unayo na hujapiga picha nyingine juu yake, PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizopotea, inaweza kuzitafuta faili asili, nayo ni ya bure.

Ikiwa umeshamruhusu mtu kuingia, kata intaneti kwenye kompyuta hiyo sasa hivi. Badili manenosiri kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na la barua pepe, kisha piga simu benki. Usifute mazungumzo yenu wala risiti za malipo. Akirudi kwa jina jipya akidai anaweza kukurudishia pesa ulizotapeliwa kwa ada kidogo, ni yuleyule au mwenzake. Mzuie.