Nobeli-254: kuitazama inapozaliwa au kuisubiri mwisho wa safari?

Nobeli, elementi ya 102, hupatikana kwa kuitwanga metali ya risasi-208 (ndugu wa ile ya kwenye betri ya gari) kwa ioni, yaani atomi zenye chaji, za kalisi-48; namba hizo ni jumla ya protoni na neutroni za kiini.

Njia ya kwanza: ukizungushia shabaha, yaani hiyo risasi, vigunduzi vya miale ya gama, unakinasa kiini cha nobeli kikiwa bado kinazunguka. Mwaka 1999 maabara ya Argonne, Marekani, iliona hivyo ngazi ya miale inayoonyesha kuwa kiini kimerefuka kama mpira wa raga. Kero ni makelele ya shabaha yenyewe; tena mruko wa mwisho wa kiini kushuka ngazi ya nishati, wa keV 44 hivi (keV ni kipimo cha nishati), karibu wote hutoka kama elektroni, si gama.

Njia ya pili: kitenganishi kinakichuja kiini kipya kutoka kwa chembe nyingine, nacho kinajichimbia kwenye bamba la silikoni, nawe unangoja. Elektroni ikitoka kwenye pikseli (kijisehemu cha bamba) ileile, kisha alfa (chembe ya protoni mbili na neutroni mbili), mhusika umemshika. Ndivyo inavyopimwa hali ya kiini yenye nishati ya ziada inayodumu milisekunde 266 hivi. Ila safari ya hadi kwenye bamba huchukua kama mikrosekunde moja. Hali za nanosekunde hazifiki.

Kwa elementi nzito zaidi, zinazotoa kiini kimoja kimoja, mimi ningengoja kwenye silikoni.