Pampu yenye tangi: miezi minane ya kukalisha matairi bila tyubu nyumbani

Mbigili ndizo zilizonifikisha hapa. Anayeendesha baiskeli ya milimani kutoka Arusha kupitia Kisongo kuelekea Monduli wakati wa kiangazi anazijua: vipunje vikavu vyenye pembe, unavikanyaga bila kuviona, na ukifika nyumbani tairi limelala. Jumamosi moja niliziba pancha tano kabla ya saa sita mchana. Solusheni ikaniishia njiani, nikasukuma baiskeli hadi barabara ya lami. Wiki hiyohiyo nikaamua kuachana na tyubu.

Ringi zangu na matairi yangu, ya inchi 29 na upana wa 2.4, tayari yalikuwa ya aina inayokubali kutumika bila tyubu. Nikanunua tepu ya ringi ya kufunika matundu ya spoku, valvu, na dawa ya maji inayokaa ndani ya tairi na kuziba pancha. Kilichonishinda ni upepo.

Kwenye tairi la kawaida, tyubu yenyewe ndiyo inayolisukuma tairi mpaka likae. Ukiitoa, kingo za tairi zinabaki zimelegea katikati ya ringi, pale penye bonde, na upepo unaoingiza unatorokea pembeni. Ili kingo zipande na kukaa mahali pake, upepo lazima uingie kwa wingi na kwa haraka kuliko unavyotoka. Pampu yangu ya zamani ilikuwa inatoa kidogo kidogo. Nilipiga mpaka mikono ikatetemeka, na pembeni nasikia fuuu tu.

Nikabeba magurudumu hadi kituo cha mafuta. Kijana wa upepo alinipokea vizuri, "Lete hapa kaka, tujaribu." Mpira wao ni wa valvu nene za magari, na zangu ni nyembamba za Presta, kwa hiyo nikafunga adapta ndogo ya shaba. La mbele likakaa. La nyuma likagoma kabisa.

Ndipo nikaagiza pampu yenye tangi kutoka Nairobi, ikaja kwa basi. Iligharimu kama laki tatu, si hela ndogo. Ni pampu ya kusimama ila ina tangi kubwa ubavuni. Unageuza kishikio, unapiga upepo ujae kwenye tangi peke yake mpaka geji isome 120 psi, kipimo cha msukumo wa upepo (kwangu ni mapigo kama sitini), halafu unakirudisha kishikio na upepo wote unaruka ndani ya tairi kwa pumzi moja.

Jioni ya kwanza nilipaka povu la sabuni ya kuoshea vyombo kwenye kingo zote mbili, nikachomoa pini ya ndani ya valvu ili njia iwe pana, nikafungua tangi. Tairi likavimba ghafla. Pa! Kimya kidogo, halafu pa! nyingine. Binti yangu alikuwa barazani anaandika kazi za shule, akashtuka: "Baba, limepasuka?" Halikupasuka. Ndio mlio wa ukingo ukipanda mahali pake, na nilifurahi mno kuusikia. Nikazungusha gurudumu taratibu nikiangalia ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi. Ulikuwa umbali uleule kutoka kwenye ringi mzunguko mzima. Nikatoa upepo, nikaingiza dawa mililita 100 kwa bomba la sindano kupitia valvuni, nikarudisha pini, nikajaza tena na kulitikisa.

Asubuhi limelala.

Hapa nataka kuitendea haki pampu, maana nusura niirudishe. Nilimwagia maji ya sabuni, mapovu yakaanza kutoka kwenye matundu ya spoku. Maana yake upepo ulikuwa unapita chini ya tepu. Ringi yangu ina milimita 30 kwa ndani na mimi nilibandika tepu ya 25, tena bila kuifuta ringi kwa spiriti. Nikabandua yote, nikanunua tepu ya 33, nikaizungusha mara mbili huku nikiivuta kwa nguvu, nikatoboa tundu dogo la valvu kwa msumari wa moto. Tangu siku hiyo halijalala. Kama una hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua tepu yenye upana sahihi kwanza, kisha jaribu na pampu uliyonayo huku pini ya valvu imetoka. Huenda ikatosha.

Kasoro za pampu zipo. Geji yake inafika 160 psi, kwa hiyo huwezi kutofautisha 22 na 25, na hizo ndizo ninazoendeshea, mbele na nyuma, kwa uzito wangu wa kilo 80. Nimelazimika kununua geji ndogo pembeni. Kipira cha kwenye kichwa cha mpira kiliisha mwezi wa sita wa kuitumia, sasa kichwa nakishikilia kwa mkono. Halafu tangi linashawishi kuzidisha. Kingo za matairi yangu hupanda na kukaa kwenye psi 35 hivi. Usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi wala cha ringi. Likigoma, toa upepo wote, paka povu upya, panga kingo kwa vidole, anza tena.

Dawa nayo hukauka, na kwa joto letu nafungua tairi kuikagua kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho nilihesabu mbigili kumi na moja zimevunjikia kwenye tairi la nyuma, kila moja na doa lake jeupe la dawa. Sikusimama njiani hata mara moja. Tairi hilo sasa limekuwa kipara. Jipya limeshafika, na Jumamosi nalikalisha mwenyewe hapahapa barazani.